Uso wa Mpiga Kinanda

Septemba 6
Mvua tangu asubuhi. Viazisukari vya shamba la chini vimedumaa kwa mwaka wa pili. Tumemwaga jasi kuondoa chumvi ya mafuriko ya bahari, na udongo bado unang'ang'ania buti kama uji uliolala. Mama anakaa dirishani. Bado anamwona jogoo wa chuma wa kuonyesha upepo juu ya mnara wa kanisa, ila anasema mkia wake hauoni tena.

Septemba 8
Mvua.

Septemba 11
Mchungaji Hoek amekuja kunywa kahawa, na amekuja na habari. Kamati ya stempu za kiangazi imemchagua Adriaan.

Nilidhani ni mzaha. Adriaan ni kaka yangu, alikufa kwa kifua mwaka uliofuata vita. Maisha yake yote alipiga kinanda katika kanisa la kijiji hiki, na mimi maisha yangu yote nilimkanyagia mivukuto nyuma ya mgongo wake ili kinanda kipate pumzi. Watu walimwona kuwa mpiga kinanda wa kawaida, tena wa polepole. Alipokufa, mwalimu mmoja wa muziki kutoka mjini alikuta nyimbo alizotunga zimejaa ndani ya benchi lake. Sasa zinapigwa kwenye makanisa makubwa ambayo sisi hatujawahi kuingia.

"Atawekwa pamoja na mchoraji na mshairi," Mchungaji alisema. "Watu wananunua stempu kwa bei iliyozidi kidogo, na ile ziada inakwenda kwenye vyama vya muziki, maktaba, na wasiojiweza."

"Kwa hiyo mwanangu ataombaomba nchi nzima," Mama akasema.

"Ni heshima, Mama Wisse."

"Sijasema si heshima. Nimesema ataombaomba." Akailainisha aproni mapajani. Kisha akauliza, "Itakuwa na sura yake?"

"Ndiyo. Wanataka picha tu."

Nikamwongezea kahawa. Mchungaji ni mgeni hapa, alikuja baada ya maji. Hajui.

Septemba 12
Jumapili. Kanisani hapa watu hunyonya peremende wakati wa mahubiri; ya kwanza Mama aliila kabla hayajaanza, jambo ambalo si kawaida yake. Anafikiria stempu.

Niandike habari ya picha, maana naona itanisumbua. Baba aliamini kwamba mtu kutaka kutazamwa ni majivuno, na picha ni majivuno yaliyotundikwa ukutani. Tukakua bila picha. Adriaan alipigwa moja tu, jeshini, walikopiga kila askari bila kuuliza. Baba alipofariki, Mama akaitundika kwenye sebule ya mbele, mahali pa heshima, ambapo hapakaliwi ila kwa msiba na kwa wageni wakubwa. Usiku wa mafuriko nilimbeba Mama hadi darini, nikarudi nikabeba paja la nguruwe, nikarudi nikabeba Biblia. Picha haikutujia akilini, si mimi wala yeye. Hata angeikumbuka mmoja wetu, sebule ya mbele si mahali pa kukimbilia na buti.

Maji yalipoondoka tuliikuta bado imetundikwa. Kioo kizima. Magwanda mazima, vifungo vyote mpaka kwenye kola. Juu ya kola ni weupe tu. Chumvi ilikula uso.

Septemba 15
Nimempeleka Mama kwa daktari wa macho. Presha ya macho. La kushoto lilishakufa, la kulia linafuata. Nikamuuliza daktari, lini? Akasema huenda kabla ya baridi kali. Nikamuuliza, dawa? Akamgeukia Mama akamwambia apumzike.

Njiani Mama alisema, "Basi wafanye haraka hiyo stempu yao. Nimwone mara moja. Baada ya hapo yazime."

Septemba 16
Mvua. Jogoo anaonekana, kwa shida.

Septemba 23
Mchoraji wa stempu amekuja, Bwana Terwindt. Amegonga mlango wa mbele.

Mlango ule hatuutumii. Mara ya mwisho ulifunguliwa kulitoa jeneza la Adriaan, na kabla yake la Baba. Mama aliposikia hodi upande ule alishika meza akasema, "Nani amekufa?" Ikabidi nizunguke nje kwenye mvua nikamtoe yule bwana pale mbele nimpitishe nyuma, jikoni, kama watu. Mwembamba, viatu vya mjini vimelowa chapachapa, mkoba ameukumbatia kama mtoto mchanga. Nikamchukia papo hapo.

Ndani ya mkoba ana albamu ya stempu za kiangazi za miaka iliyopita, tangu kabla ya vita. Akawa anamfunulia Mama ukurasa baada ya ukurasa. Waandishi, wachoraji, wataalamu wa mambo ya zamani, wanaume wenye ndevu na kola ngumu. Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Wote hawa wamekufa?"

"Wote, Bibi. Aliye hai haruhusiwi kutiwa kwenye stempu, isipokuwa watu wa ukoo wa kifalme."

"Na hawa, ndugu zao waliwaona? Waliridhika?"

"Wengi wao," akasema. Kisha akaomba picha.

Nikaenda kuileta ile ya magwanda. Aliitazama kwa muda mrefu, akaiweka mezani taratibu. Nitasema kwa haki kwamba hakucheka.

Septemba 24
Terwindt amekodi chumba kwa Leuntje, mjane wa mwoka mikate, na leo amezunguka kijiji kizima akiuliza sura ya Adriaan. Kazi bure. Adriaan alikuwa anapanda ngazi ya kinanda kabla kanisa halijafunguliwa, anashuka watu wote wakishaondoka. Kule juu alikaa akiwapa mgongo. Kila mtu anakumbuka sauti ya kinanda. Baadhi wanakumbuka koti.

Jioni Leuntje alituletea mikate ya mdalasini ile ya kunata, akacheka mpaka kofia ya lesi ikamkaa upande. "Maskini Adriaan! Hakuna mwanamke aliyewahi kumbusu akiwa hai, sasa nchi nzima itamlamba kisogo!"

"Leuntje," nikasema, "Mama yupo."

"Macho ndiyo mabovu, masikio mazima," Mama akasema. "Lete huo mkate." Naye alikuwa anacheka. Leuntje huyu mdomo wake haujui kufunga.

Septemba 25
Terwindt ameniuliza, "Mlifanana?"

Nikasema hapana. Mama akasema, "Watu walisema wanafanana. Mimi sikuliona hilo. Lakini mimi ni mama yao."

Basi nimekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkulima wa viazi mwenye miaka sitini na kitu, nachorwa. Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nilikuwa namsikia Baba. Terwindt alichora, akamwonyesha Mama, Mama akatikisa kichwa. Akachora tena. Mwisho Mama akasema, "Sogeza kiti. Nikuonyeshe kwa mkono."

Mama hajanigusa uso tangu nilipoanza kunyoa. Watu wa hapa hatugusani. Vidole vyake vilikuwa baridi na vinanuka sabuni.

"Funga mdomo, Marinus. Adriaan hakuwa mtu wa kuning'iniza taya." Nikafunga. "Pua yake ilikuwa nyembamba hapa." Akanibana pua. "Punguza hapa, Bwana." Terwindt akafuta, akachora. "Mashavu yaliingia ndani zaidi. Huyu anakula sana." Terwindt akafuta tena. "Nyusi zilikutana, karibu." Ukawa ndio mchezo, mimi unga wa mkate, wao wawili wanakanda.

"Na paji la uso, Bibi?"

"Paji ni hilihili." Akakiacha kiganja pale. Kisha akauliza, si kwa Terwindt, "Una homa?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi kama mtoto, na hapohapo nikaona aibu, maana mkono ule ulikuwa unamtafuta mwingine.

Septemba 27
Terwindt ameondoka na michoro. Atachonga bamba la kuchapia, atatuma picha ya majaribio. Ndugu wa marehemu watie sahihi kwamba ndiye, ndipo kamati itaendelea. Nimemwambia habari ya jicho la Mama. Akasema atafanya kazi hata Jumamosi. Nilimdhania vibaya.

Oktoba 4
Mvua. Mama hamwoni jogoo tena. Mnara anauona.

Oktoba 9
Mvua. Mnara upo.

Oktoba 10
Kanisani kinanda kinapigwa na kijana wa mwalimu mkuu, kwa umeme. Hakuna wa kukanyaga mivukuto. Nakaa chini na watu wengine, sijui miguu niiweke wapi.

Oktoba 18
Tumeanza kung'oa viazisukari. Vidogo, vina mizizi kama vidole. Lori limezama shambani mpaka kwenye ekseli.

Oktoba 21
Mama ameanza kumsimulia kila mtu habari ya stempu. Mwenye maziwa, mtu wa posta, hata mbwa wa jirani. "Itanifikia kabla ya baridi," anasema. Amemwomba Leuntje amwazime kioo cha kukuzia cha marehemu mumewe. Anakifuta kwa aproni kila asubuhi na kukiweka kwenye kingo ya dirisha. Mimi naona bora asingetumaini. Tangu maji, kila tulichokitumainia kimekuja kimelowa.

Oktoba 30
Picha ya majaribio imekuja leo.

Mtu wa posta alinikuta bandani, kwa hiyo niliifungua mimi, huko huko, juu ya gunia. Karatasi ndogo katikati ya karatasi kubwa. Ni mimi.

Si kufanana. Ni mimi. Pua aliyoipunguza Mama imerudi. Terwindt ameandika kwamba katika udogo ule pua nyembamba ilionekana kama kasoro ya bamba, na nyusi zilizokutana zilikuwa doa jeusi, kwa hiyo amelegeza kidogo, na anatumaini familia itaridhika. Mashavu ni haya ninayolia chakula. Chini ya kidevu changu limeandikwa jina la kaka yangu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Nilisoma mwaka wangu wa kufa nikiwa nimesimama na buti miguuni.

Nilikaa bandani. Mama bado anaona. Asubuhi alisema mnara upo, umefifia, lakini upo. Ningeweza kuingia ndani, nimwekee kile kioo mkononi, niseme hii hapa. Angeisogeza jichoni angesema, "Huyu ni Marinus," na hapo angekuwa amempoteza Adriaan tena. Au angesema, "Ndiye." Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angekufa akiwa na uso wangu kichwani akiuita wa Adriaan, na nchi nzima ikinilamba, na mimi naendelea kuvuta pumzi kinyume cha kanuni yao wenyewe. Baba angegeuka kaburini. Mtu wa ukoo wa kifalme!

Niliandika barua: si yeye, rudisha pua, rudisha nyusi, ondoa mashavu, fanya alivyosema Mama. Nikaifungia picha humo humo. Nilimkimbilia mtu wa posta nikamkuta darajani.

Mama aliuliza, "Posta imeleta nini?"

"Habari za jasi."

"Na stempu?"

"Bado."

"Wanachelewa," akasema, akakifuta kioo.

Novemba 3
Mvua. Mnara upo.

Novemba 5
Mvua. Ameuliza stempu.

Novemba 9
Mvua. Ameuliza stempu. Mnara sijamuuliza.

Novemba 12
Barua fupi ya Terwindt. Bamba halirekebishiki, lazima achonge jingine. Tena ana homa ya mapafu. Anaomba subira. Subira ya nani? Nimeichoma barua jikoni.

Novemba 17
Viazisukari vyote vimetoka, vilivyokubali kutoka. Vingine tumeviacha vioze humo humo.

Novemba 24
Leo upepo umegeuka, mawingu yametawanyika, mbingu ni safi kuliko siku yoyote tangu Agosti. Mnara unaonekana mpaka matofali yake. Mama alikaa dirishani mchana kutwa, uso kwenye jua.

"Ukungu mzito leo," alisema.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Mzito."

Novemba 25
Ukungu, anasema. Hakuna ukungu.

Novemba 28
Kanisani amempa peremende mtu wa kulia akidhani ni mimi. Mimi nilikuwa kushoto. Yule mtu akaipokea, akanitazama. Zaburi iliimbwa polepole sana, na mimi sikuimba.

Desemba 2
Nilimwambia Leuntje. Sikupanga kumwambia. Alikuja kuchukua kioo chake, akamkuta Mama anakifuta, akarudi nyuma bila kukiomba. Nje, kwenye kona ya banda, akaniuliza mbona hiyo stempu haiji, nikajikuta namweleza yote.

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Ulikuwa nayo mkononi, na yeye anaona?"

"Ilikuwa sura yangu, Leuntje."

"Hata ingekuwa sura ya farasi! Mpumbavu wewe! Mwanamke anaomba kuona, wewe unakagua pua?"

"Ingekuwa uongo."

"Na sasa ni nini? Sasa ni ukweli?" Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nyie akina Wisse mnaogopa majivuno mpaka mnaua. Baba yako hivyo hivyo. Picha moja tu! Watu wazima wawili, picha moja!"

Miaka yote nilimwona kuwa mwanamke wa porojo. Alisema alichosema akaenda zake kwenye matope.

Desemba 6
Mvua. Nilimwandalia Mama uji wa maziwa ya mgando. Alikula kidogo.

Desemba 7
Ameacha kuuliza stempu.

Desemba 14
Terwindt amekuja mwenyewe. Amepitia nyuma, akavua viatu jikoni bila kuambiwa. Amekonda zaidi, anakohoa. Kamati inafunga orodha wiki hii, akasema, na posta ya barua asingeiamini tena.

Mama alipomsikia akasimama. "Umeileta?"

"Nimeileta, Bibi."

Alinyoosha kiganja. Terwindt akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kumwonyesha jinsi macho yalivyo. Alikuwa hajui. Nilimwona anavyopauka. Aliiweka ile karatasi kwenye kiganja cha Mama, na Mama akapapasa kingo ya dirisha, akachukua kioo, akakiweka mbele ya jicho la kulia. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakiweka kioo chini akaanza kupitisha kidole gumba juu ya karatasi.

"Laini," akasema. "Nilidhani kutakuwa na mabonde mabonde."

Terwindt akakohoa.

"Marinus. Wewe ndiye uliyekaa naye kule juu miaka yote ile. Hakuna aliyemtazama kuliko wewe. Ndiye?"

Nikaichukua. Terwindt alikuwa ametimiza kila nilichodai. Pua nyembamba. Nyusi zinakaribiana. Mashavu yameingia. Ni mtu mpole, wa heshima, na sijawahi kumwona. Nilijaribu kumwita Adriaan kichwani niwaweke sambamba. Nilijaribu kwa nguvu. Kilichonijia kila mara ni ile picha ya Oktoba, mimi, na mwaka wa kufa chini ya kidevu.

"Ndiye, Mama," nikasema.

Akakaa. Akakunja mikono mapajani. "Basi nielezee. Polepole."

Nikaanza. Nikasema nywele zimekatwa juu kidogo ya kola, na kisogo kina kijishimo katikati ambacho jasho hukusanyika wakati wa kiangazi. Nikasema sikio la kushoto limesimama kuliko la kulia. Bega la kulia linashuka kila anapofika kwenye zaburi za toba, na hapo ndipo nilipojua nikanyage taratibu. Shingo inakuwa nyekundu kabla ya kukosea, kamwe si baada. Koti limepauka mgongoni, mahali fulani upana wa kiganja, na akivuta pumzi ile sehemu inapanda, nami naivuta pamoja naye. Maneno yalikuja yenyewe. Sijawahi kuzungumza mfululizo hivyo maishani mwangu. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, anatabasamu. Terwindt aliacha kunywa kahawa.

"Huyo ni Adriaan," Mama akasema. "Huyo ni Adriaan kabisa." Akashusha pumzi. "Sasa geuza, mwanangu. Niambie na mbele."

Niliitazama karatasi. Nikamtazama Terwindt, naye akatazama kikombe chake.

"Ana macho mawili, Mama," nikasema.

Akangoja niendelee. Terwindt alipoaga akaondoka, Mama bado alikuwa anangoja.

Desemba 15
Nimetia sahihi kwamba ndiye. Itatoka kiangazi. Mvua.